Toleo Jipya Sawa, Lakini la Zamani Lisiondolewe Haraka

Mteja wetu, kabla hujabonyeza "Sasisha", angalia namba ya toleo. Ikitoka 2.3.1 kwenda 2.3.2, bonyeza tu. Mara nyingi hapo kuna tobo la usalama limezibwa, na kukawia ni hatari. Ikiruka kutoka 2 kwenda 3, tulia kidogo. Kwa desturi ya mafundi wa programu, namba ya kwanza ikibadilika ujue kuna kitu cha zamani hakitafanya kazi tena: pengine menyu uliyoizoea, pengine simu yako yenyewe. Si kampuni zote zinafuata desturi hiyo. Sisi tunaifuata.

Kwa mtu aliye Nairobi, huo ni usumbufu wa saa moja. Lakini mfikirie muuzaji mbuzi pale soko la mifugo la Habaswein. Mnunuzi yuko mbele yake, lori linapakia, mtandao unakuja na kupotea, halafu programu inagoma kufunguka. Biashara imekwenda. Ndiyo maana tunashikilia kwamba kampuni haina haki ya kufunga njia ya zamani kabla ile mpya haijathibitika kwenye simu za watu kama huyu. Kutunza matoleo mawili ni gharama, kweli. Iwe gharama yetu, si ya mwenye mbuzi.

Wenye maghala ya programu walijifunza hili zamani. Katika Debian, mradi ulioanza 1993, toleo jipya huingia kwanza sehemu ya majaribio, likae siku kadhaa, na likionekana na kasoro kubwa halisogei mbele. Maktaba ya programu ikibadilika kiasi cha kuvunja zinazoitegemea, hupewa jina jipya ili ile ya zamani ibaki rafuni kwa muda. Kwingine walijifunza kwa uchungu: Machi 2016, kifurushi kidogo kiitwacho left-pad, mistari 11 tu, kiliondolewa na mwenyewe kutoka ghala la npm, na mafundi duniani kote wakashindwa kuunda programu zao hadi kiliporudishwa. Baadaye npm ikabana masharti ya kuondoa vifurushi.

Sasa jambo linalotutia wasiwasi zaidi. Bando ni ghali, kwa hiyo wengi hutumiana faili za programu kwa Bluetooth au Xender. Android hukubali sasisho juu ya programu iliyopo ikiwa tu limetiwa saini na mtengenezaji yuleyule. Faili iliyochezewa itakataliwa. Hapo ndipo atatokea mtu, mara nyingi kwa simu na kwa upole sana, akuambie: "Futa hiyo ya zamani kwanza, ndiyo mpya iingie." Usifute! Ukifuta, umeiondolea simu kipimo chake cha kutambua mgeni, na faili ya tapeli itaingia bila kuulizwa, isubiri PIN yako. Pakua kutoka duka rasmi, hata ikibidi usubiri ufike Wajir mjini penye Wi-Fi.

Na usisasishe toleo kubwa asubuhi ya soko. Fanya siku mbili kabla, ukiwa nyumbani, kisha mtumie mtu wako shilingi kumi. Zikifika, nenda sokoni. Zisipofika, menyu ya nyota na reli bado ipo, na hatuna mpango wa kuizima.