Ukimya wa Mwanafunzi Mgeni

Wakati wa mazoezi ya kufundisha yaliyopita nilifika katika shule moja ya msingi huko Mabawe, wilayani Ngara, kumkagua mwanachuo wetu aliyekuwa akifundisha darasa la pili. Andalio lake la somo lilikuwa kamili, zana alizitengeneza mwenyewe kwa maboksi na kamba za migomba, na sauti yake ilifika hadi dawati la mwisho. Katika dawati hilo aliketi msichana wa miaka 12 hivi, mrefu kuliko wenzake wote, ambaye kwa kipindi kizima hakufungua kinywa. Somo lilipokwisha nilimwuliza mwanachuo habari za mtoto yule.

"Huyo ni mzito, mkufunzi," akanijibu. "Ametoka Burundi, anaishi kwa shangazi yake hapa kijijini. Kila nikimwuliza kama ameelewa husema ndiyo, lakini daftari lake tupu. Nimekwisha kumshauri mwalimu mkuu arudishwe darasa la kwanza."

Neno hilo "mzito" ndilo lililonisukuma kuandika makala haya, kwa sababu mimi mwenyewe nilipata kuwa mzito kwa muda wa miezi mitatu, na nalikumbuka vizuri dawati nililoketi.

Nilikuwa na umri wa miaka 16 nilipochaguliwa kwenda Marekani kwa mpango wa Kennedy-Lugar. Mpango huo ulianzishwa mwaka 2002, na wakati wangu uliwachukua wanafunzi wa sekondari kutoka nchi kadhaa, Tanzania ikiwa mojawapo, wakakae mwaka mmoja wa masomo katika nyumba za wenyeji na kusoma katika shule za huko. Desturi yenyewe ni ya zamani kuliko mpango huo. Shirika la AFS, ambalo asili yake ni watu waliojitolea kuendesha magari ya wagonjwa katika vita kuu mbili za dunia, lilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1947, kwa matumaini kwamba vijana waliokula meza moja hawatapigana kwa urahisi.

Nilipelekwa katika mji mdogo wa jimbo la Iowa, penye mashamba ya mahindi hadi upeo wa macho. Watu huniuliza habari za theluji tu. Theluji huzoeleka kwa wiki mbili. Lililonishinda ni darasa. Nyumbani nilikuwa nimefaulu Kiingereza vizuri, na walimu wangu walijivunia insha zangu. Huko Iowa maneno niliyoyajua kwa maandishi yalinipita masikioni kama maji ya mto, na nilipokuwa nimelishika moja, mwalimu alikuwa amekwisha kusema 20 mengine. Wanafunzi walipocheka nilicheka, nikiwa nimechelewa kidogo. Mwalimu alipouliza kama nimeelewa, nilisema ndiyo.

Hapa naomba msomaji, ndugu mwanachuo, asimame nami kidogo. Kwa nini mgeni husema ndiyo? Si kwa sababu ni mwongo. "Ndiyo" humaliza mazungumzo. "Hapana" huleta maelezo ya pili mbele ya watu wote, nayo huenda usiyaelewe vilevile, na hapo utasemaje? Tena katika malezi yetu, mtoto kumwambia mkubwa kwamba hakumwelewa ni karibu sawa na kumwambia hakusema vizuri. Basi swali la "Mmeelewa?", ambalo nalisikia katika kila somo ninalolikagua, halipimi kitu chochote. Kwa maoni yangu lingefutwa kabisa katika maandalio yetu.

Aliyenitoa katika uzito wangu ni mwalimu wa baiolojia, mama wa makamo asiyekuwa na maneno mengi. Siku moja, kipindi kilipokwisha, alinipa kikaratasi chenye swali moja, akaniambia kwamba kesho yake angeniuliza hilo na si jingine. Swali lilihusu mimea inayozaana bila mbegu. Nilikaa na kamusi hadi usiku wa manane. Kesho yake nilisimama nikaeleza mgomba: jinsi shina linavyotoa machipukizi, jinsi bibi yangu anavyochagua la kuacha na la kung'oa akalipande kwingine. Vijana wale walikuwa wakila ndizi maisha yao yote wala hawakuwa wamepata kujiuliza zinapandwaje. Wakauliza maswali, na nusu yake sikuweza kuyajibu. Lakini tangu siku hiyo walijua kwamba nilikuwa na kitu cha kusema. Kila wiki yule mama alinipa kikaratasi, hadi mwezi wa pili nilipomrudishia kimoja na kumwambia kwamba sikukihitaji tena.

Sipendi kulinganisha mambo yasiyolingana. Mimi nilichaguliwa, nikaandaliwa, nikawa na tiketi ya kurudi. Yule mtoto wa Mabawe aliletwa kwa shangazi yake bila kuulizwa, wala hajui atakaa mpaka lini. Ngara inapakana na Burundi na Rwanda, na ndoa, mashamba na misiba vimewavusha watu mpaka huo tangu zamani, mbali na wakimbizi waliofika kwa maelfu katika miaka ya 1990. Watoto wa Burundi waliokuwa katika kambi walifundishwa kwa mtaala wa Burundi. Mtoto anayeishi kijijini kwa ndugu hufundishwa na wewe.

Ajabu ni kwamba huko uwanjani hakuwa bubu hata kidogo. Kihangaza na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, na wakati wa mapumziko nilimkuta akiwaamuru wenzake katika mchezo wa kamba kama mwalimu wa zamu. Mwanachuo wetu, mwenyeji wa Lindi, hakuwa na sikio la kuyasikia hayo. Mimi ni mzaliwa wa Ngara, nikamwita yule mtoto, tukazungumza. Kumbe huko kwao alikuwa amefika darasa la nne. Nilimwandikia hesabu za kugawanya katika vumbi kwa kijiti, akazimaliza kabla sijasimama wima.

Jim Cummins, mtaalamu aliyefanya kazi yake Kanada, alionyesha mwaka 1979 kwamba lugha ya kuzungumza na lugha ya kusomea ni vitu viwili. Ya kwanza mtoto mgeni huipata kwa kiasi cha miaka miwili. Ya pili huweza kumchukua miaka mitano au zaidi. Anayempima kwa wiki sita, tena kwa mdomo, hapimi akili yake.

Nawajua wakufunzi wenzangu watakaosema kwamba nafungua mlango wa kilugha darasani, na kwamba Kiswahili hujifunzwa kwa Kiswahili. Hoja hiyo ina uzito, kwani bila Kiswahili mtoto huyo hatavuka mtihani wowote. Lakini kule Iowa nilikuwa nikikokotoa hesabu kimoyomoyo kwa Kiswahili, lugha ambayo nami nilikuwa mgeni wake nilipoingia darasa la kwanza, nikitoka nyumba ya Kihangaza. Haikunizuia kujifunza Kiingereza. Ndiyo iliyonishikilia nisizame. Mwenzake wa dawati akimnong'oneza neno moja la Kihangaza, sioni Kiswahili kitapungukiwa na nini.

Tulikubaliana na mwanachuo ajaribu kikaratasi. Mtoto alijua kusoma, na shangazi yake alijua Kiswahili cha kutosha kumsaidia jioni. Katika daftari lake la mazoezi niliona baadaye kwamba Jumatano ya wiki iliyofuata msichana yule alisimama akajibu swali la faida za miti: maneno matatu, moja likiwa la Kihangaza. Darasa likacheka, naye akacheka. Ijumaa alijibu tena. Wiki iliyofuata hakuhudhuria siku mbili, kwa sababu ya kuvuna maharage.

Mazoezi yalipokwisha, pendekezo la kumrudisha darasa la kwanza lilikuwa bado mezani kwa mwalimu mkuu, na mwanachuo wetu alikuwa ameandika barua ya pili kuliondoa lile la kwanza.