Pakiti ya mseto haikatwi!

Jamani wadau, mtoto akirudiwa na malaria lawama zote kwa mama, eti hakumaliza dozi. Aimalize ipi? Mtoto wa kilo 5 mpaka chini ya 15, malaria isiyo kali, dozi ya mseto (ALu) ni vidonge 6: kimoja mara 2 kwa siku, siku 3. Muuzaji wa duka la dawa anakata pakiti, anauza viwili, tena bila kipimo! Homa inashuka, vimelea vinabaki. Klorokwini tuliiacha 2001, SP 2006. Sasa Kagera vimeshaonekana vimelea vyenye usugu wa kiasi kwa artemisinini. Mseto nao ukishindwa, watoto tutawapa nini? Anayekata pakiti afungiwe duka. Mama aachwe!