Kugeuzageuza PIN Si Kubadilisha PIN

Juzi mamangu alinipigia simu akijisifu. Kijana mmoja alikuwa amemchungulia akiweka PIN dukani, kwa hivyo akaibadilisha mara moja. "Nambari ni zile zile, nimeanzia tu nyuma ndio nisisahau."

Mama, hapana!

Tuseme PIN ina 2, 4, 7 na 9. Mtu asiyejua lolote ana PIN 10,000 za kukisia. Anayejua nambari hizo nne amebaki na mipangilio 24 pekee: ya kwanza ina chaguo nne, ya pili tatu, halafu mbili, halafu moja. Toa ile ya zamani, ni 23. Akijaribu mara tatu, nafasi yake ni karibu moja kati ya nane. Na kwani ataanza na gani, kama si ile iliyogeuzwa nyuma?

Kompyuta nayo huzipanga kutoka ndogo hadi kubwa: 2479, 2497, 2749 na kuendelea. Hata haihitaji kuanza mwanzo. Unataka ya 15? Toa moja, ubaki na 14. Kila nambari ya mbele ina mipangilio 6, na 14 kwa 6 ni 2, inabaki 2. Ruka 2 na 4, anza na 7. Sasa kila nambari ya pili ina mipangilio 2. 2 kwa 2 ni 1, hakuna kinachobaki. Ruka 2, chukua 4. Zilizosalia zinakaa kwa utaratibu: 7429. Kwa hivyo kompyuta nne zinaweza kugawana kazi, kila moja na sita zake, bila kungojana. Ni ujanja mtamu sana, na unafanya kazi hata kwa nambari kumi zenye mipangilio 3,628,800.

Sasa, wateja hutulaumu kwamba tunafunga akaunti mtu akikosea mara tatu. Naelewa, inaudhi ukiwa kwa foleni. Lakini mimi naitetea. Kompyuta husaidiana vizuri pale ambapo hakuna anayezihesabu kwa pamoja. Sisi tunahesabu makosa ya akaunti, si ya mtu. Wezi wawe wanne au elfu moja, wote wanagawana majaribio hayo matatu.

Tatizo ni kwamba ukigeuzageuza nambari za zamani, matatu yanaanza kuwa mengi. Chagua mpya kabisa, na si mwaka wako wa kuzaliwa tafadhali.

Mama ameibadilisha tena. Sijamuuliza ni gani.