Mzaha Usiojibiwa

Wako watu wa namna mbili ambao, pasipo kukubaliana, wanasaidiana kuudhulumu mchezo wa kuchekesha wa televisheni. Wa kwanza ni msomi auonaye mchezo huo kuwa takataka ya sebuleni; ukitajwa mbele yake hukunja uso, akarudi katika Kinjeketile yake ya mwaka 1969, kana kwamba fasihi ilikwisha kuumbwa siku ile na muumbaji akapumzika. Wa pili ni shabiki, ambaye ameupenda mchezo hata hataki tena kuutazama, ataka kuuabudu. Msomi huunyima mchezo hukumu kwa dharau, na shabiki huunyima kwa mahaba. Wa kwanza amekwisha kusemwa sana, na mara moja moja husikia. Wa pili ndiye mwenye nguvu siku hizi, tena hujiita rafiki. Kwa hiyo ndiye apasaye kuambiwa zaidi.

Mchezo unaofaa kuwa mfano ni Vitimbi, ambao shirika la utangazaji la Kenya, KBC, liliuonyesha kwa miaka mingi, na ambao umewapa watazamaji wake Mzee Ojwang' na Mama Kayai. Mchezo ni wa Nairobi, lakini mizani ya kuupimia imetengenezwa mbali na Nairobi, katika nchi ya Unyamwezi, juu ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji. Msomaji atakayeona ajabu kwamba mchezo wa televisheni upimwe kwa desturi ya wapagazi, na avumilie kidogo.

Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, njia ile ilitembewa kwa miguu, na waliobeba pembe na nguo mabegani walikuwa kwa sehemu kubwa Wanyamwezi. Kutoka Unyanyembe hadi pwani ilikuwa safari ya miezi mitatu hivi. Katika miezi hiyo mpagazi alilala katika nchi za watu wasio ndugu zake, akanywa maji ya visima vyao, na pengine akafa mikononi mwao. Kwa mtu wa namna hii utani haukuwa upuuzi wa kupitishia jioni. Ulikuwa hati ya kusafiria. Mnyamwezi aliyefika Uzaramo akakuta mtani, alikuwa amekuta mtu awezaye kumtukana hadharani, na kwa sababu hiyo hiyo mtu asiyeweza kumwacha azikwe kama mbwa. R. E. Moreau aliandika juu ya utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940, na Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akakusanya habari nyingi zaidi katika miaka ya 1970. Asomaye kazi hizo huona upesi kwamba utani ulikuwa na sheria, na sheria zenyewe zilikuwa kali kuliko za mabaraza mengi.

Sheria iliyo mama wa nyingine ni hii, kwamba mzaha hujibiwa. Akunyang'anyaye kofia njiani leo, kesho waweza kuchukua kuku wake, wala hakuna kadhi atakayesikiliza shauri. Asiye na haki ya kujibu hataniwi. Akitaniwa, jina la tendo hilo hubadilika likawa matusi. Kisha kulikuwa na wajibu. Siku ya msiba mtani ndiye aliyeshika jembe la kaburi, ndiye aliyehudumu, na katika makabila mengi ndiye aliyemwiga marehemu mbele ya waombolezaji, mwendo wake, kikohozi chake, ubahili wake, mpaka waliokuwa wakilia wakashindwa kuendelea kulia. Watafutao asili ya tamthilia katika Afrika ya Mashariki hupenda kwenda Ugiriki kwanza. Wangalianza kwenye matanga wangaliokoa nauli.

Sasa na atazamwe Mzee Ojwang'. Aliyemwigiza aliitwa Benson Wanjau, naye alikuwa Mkikuyu. Aliyeigizwa alikuwa Mjaluo, mwenye Kiswahili cha Kijaluo, ukaidi wa mzee wa nyumba, na hila zisizofika mbali. Nchi waliyoishi wote wawili ni ile ambayo Tom Mboya aliuawa mwaka 1969, na ambayo mwanzoni mwa mwaka 2008 majirani waliuana kwa sababu ya majina yao. Mkikuyu kumwiga Mjaluo katika nchi hiyo, mbele ya taifa zima, wiki baada ya wiki, kungaliweza kuwa uchokozi. Badala yake Wajaluo walimpenda, na wengi wao hawakutambua kamwe kwamba si mwenzao. Sababu haiko katika ufundi wa ulimi tu. Iko katika Mama Kayai. Kila neno la Ojwang' lilikuwa na jibu lake ndani ya nyumba ile ile, na kila hila ilikutana na jicho lililokwisha kuiona. Hakuchekwa kwa kuwa Mjaluo. Alichekwa kwa kuwa mume aliyedhani mkewe hajui. Kabila lilikuwa vazi tu, na aliyevaa vazi hilo alikubali kupigwa ndani yake.

Hapo ndipo Vitimbi hupita michezo mingi iliyoufuata. Mchekeshaji wa siku hizi aghalabu huchukua lafudhi ya kabila fulani, akaipandisha jukwaani peke yake, akaipiga. Hakuna aliye upande wa pili. Watazamaji hucheka, na kicheko chenyewe huwa na mafuta ya uadui ndani yake. Tanzania Bara, ambayo haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994 ijapokuwa Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973, ilijifunza sheria ya jibu kwa masikio. Mchezo wa redio uliopendwa na wengi katika Radio Tanzania uliitwa Pwagu na Pwaguzi, na jina hilo limetoka katika methali isemayo kwamba pwagu hupata pwaguzi, yaani mwizi hupata wa kumwibia yeye. Jina tu lilikuwa nadharia nzima ya vichekesho. Wako waalimu wa Kiswahili walalamikao kwamba michezo hii huharibu lugha kwa lafudhi zake. Kiswahili kiliingia Tabora juu ya mabega, katika vinywa vya watu waliotoka Unyamwezi, Usukuma, Manyema na mrima, kila mmoja akikitamka kwa namna ya mama yake. Kama lafudhi ingalikuwa ugonjwa, lugha hii ingalikufa kabla ya kuvuka Ugogo.

Shabiki atasema kwamba yote hayo ni sifa za mchezo aupendao, basi ugomvi uko wapi? Uko hapa: yeye mwenyewe amejitoa katika sheria ile. Amempenda mchekeshaji kwa sababu hujibiwa, lakini yeye hataki kujibiwa. Mtu akiandika kwamba mchezo wa juma hili ulikuwa chapwa, shabiki hamjibu juu ya mchezo. Humtukana mama yake. Akiulizwa kwa nini mchezo ni mzuri, husema yeye ameutazama wote mara tano. Huo ni ushahidi wa saa alizopoteza, si wa uzuri. Tena hujikusanya na wenziwe wakajiita timu, kama walivyojiita mashabiki wa waimbaji wa Bongo Fleva, wakawa na adui kabla ya kuwa na hoja.

Wazee hupenda kuilaumu televisheni kwa jambo hili, na baada yake simu. Lawama hiyo haina msingi. Ushabiki wa kupita kiasi ulikuwako katika nchi hizi kabla ya waya wa kwanza. Ngoma ya Beni, iliyotoka pwani ikafuata askari na reli kwenda bara wakati wa vita ya 1914 hadi 1918 na baada yake, iliwagawa watu kuwa Marini na Arinoti, na wafuasi wa pande hizo walitumia fedha wasizokuwa nazo kwa mavazi na karamu ili wawashinde wenzao. Huko Usukuma, jirani wa Unyamwezi, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimeshindana tangu karne ya 19, na mashindano yao baada ya mavuno yalitengenezwa kwa mazoezi marefu, mbinu za siri na dawa za waganga. Hakuna shabiki wa leo, hata aliyejichora sura ya mchekeshaji mkononi, aliyekwenda mbali kuliko hapo.

Walakini yafaa kuangalia jinsi mshindi alivyopatikana. Pande mbili zilicheza wakati mmoja, uwanja mmoja, kila upande na duara lake. Watu walikuwa huru. Aliyechoka na Bagika alivuka akaenda kwa Bagalu. Aliyesikia kicheko upande wa pili aligeuza shingo, kisha miguu. Upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Wachezaji waliona kwa macho yao duara likipungua, wakajua kwamba jambo walilolifanya mwaka jana halitoshi tena. Hukumu ilitolewa kwa miguu, na miguu hiyo ndiyo iliyozaa mitindo mipya, wacheza na nyoka, wacheza na fisi, na vituko vingine visivyohesabika. Wacheza ngoma wenyewe walikuwa washabiki hasa. Lakini katikati ya pande mbili palikuwa na umati ambao haukuapa kiapo. Palipo na mashabiki watupu hakuna umati. Hakuna wa kuvuka. Mchekeshaji hutazama mbele yake akaona duara lile lile, limejaa, linashangilia kabla hajafungua kinywa, naye hana njia ya kujua kama amekwisha.

Lilipotokea jambo la Ze Comedy, umati huo ulionekana kwa muda. Kundi lililopata jina katika EATV lilihamia TBC1, jina likawa mali ya ubishi, na wachezaji wakatokea upya wakiitwa Ze Orijino Komedi. Watazamaji wengi walivuka pamoja nao. Hawakufuata jina wala stesheni, walifuata kazi. Huo ulikuwa utazamaji mwema, hata kama kazi yenyewe yaweza kupingwa: kumwiga mkubwa wa serikali kwahitaji ushujaa, na vijana wale walikuwa nao, lakini mkubwa yule hayumo mchezoni kujibu, na akiondoka madarakani mzaha huondoka naye. Ndiyo maana mwigo wa mwanasiasa huchekesha sana mwaka mmoja, na mume mwongo huchekesha miaka thelathini.

Ubaya wa mwisho wa ushabiki ndio mzito kuliko wote. Shabiki hupenda kinyago, akamnyima pumzi aliyekivaa. Uingereza, Arthur Conan Doyle alichoka na Sherlock Holmes akamwua mwaka 1893. Wasomaji hawakumpa raha, na mwaka 1903 ikabidi amfufue. Huyo alikuwa mwandishi, aliweza kukaa mbali na kiumbe chake. Mchezaji hawezi; kiumbe hukaa usoni pake. Charles Bukeko alifanya kazi nyingi, lakini tangu alipoanza kumwigiza Papa Shirandula katika Citizen TV, bawabu atokaye nyumbani na suti ili mkewe adhani ni mtu wa ofisini, aliitwa Papa njiani, dukani na kanisani, na alipofariki tarehe 18 Julai 2020, aliliwa kwa jina hilo. Ni heshima, watasema. Pengine. Lakini ni ajabu kwamba mchezo uliowafundisha watu kucheka mtu ajifanyaye mwingine uliishia kwa watu kumkataza mchezaji asiwe yeyote mwingine.

Yupo atakayejibu kwamba bila mashabiki mchezo hufa, kwa kuwa wao ndio waletao matangazo, na matangazo ndiyo yalipayo mishahara. Hoja hii ina uzito, na katika uwanja wa biashara haina mshindani. Lakini katika sheria ya watani swali haliwi ni wangapi waliocheka. Swali huwa ni nani aliyeshika jembe. Benson Wanjau alicheza kwa zaidi ya miaka thelathini. Katika muda huo wote watu walijua mwendo wake, sauti yake, suruali yake. Wako waliodhani Mama Kayai ni mkewe wa nikahi. Macho yake yalipoanza kufifia, ilibidi habari zitangazwe ndipo watu wachangiane mwaka 2014 ili atibiwe, na waliochanga walifanya jambo la watani wa kweli, wapewe sifa yao. Tarehe 12 Julai 2015 akafariki. Katika mitaa ya Chemchem na Ng'ambo mjini Tabora bado wako wazee wawezao kumwambia kijana ni kabila gani litakalomzika na kwa malipo gani ya mzaha. Mwanafunzi wa fasihi atakayekwenda na daftari kuwauliza, kisha akarudi kutazama Vitimbi kipande kwa kipande, akiandika ni nani alisema na ni nani alijibu, atakuwa ameanza kazi ambayo idara zake hazijaipa nafasi, na ambayo shabiki, pamoja na kutazama kwake mara tano, hawezi kuifanya.