TAHARIRI: Ususi Ni Kazi, Msusi Alipwe



Katika mkutano mkuu ujao liko jambo moja ambalo wengine wameanza kulicheka. Mabinti watano wameomba wapewe kibaraza cha mbele cha ghala letu, wasukie watu nywele kwa malipo, na wakopeshwe fedha kidogo za kununulia viti, vitana, nyuzi na rasta. Wazee wawili watatu wameshasema, "Kusuka nako kazi?" Sisi wa gazeti hili tunajibu: ndiyo, ni kazi, na tunataka ombi lipite.

Hebu tutazame mambo yalivyo hapa kwetu. Binti akishajulikana kuwa ana mkono mzuri, basi kajiponza. Wifi anakuja na kitana, jirani analeta mtoto, somo ana harusi Ijumaa. Binti anakaa kigodani tangu adhuhuri mpaka magharibi, mgongo unamuuma, vidole vimekatwa na uzi, mwisho anaambiwa, "Ahsante mwanangu, Mungu akuweke." Mungu atamweka, sawa, lakini sabuni nani atamnunulia? Twende kilioni huisha upesi, lakini kichwa cha rasta nyembamba hula saa tano, sita, hata zaidi. Fundi cherehani hashoni gauni kwa ahsante. Kinyozi tunamlipa, tena bila maneno. Ila jasho la mtoto wa kike tunalinywa bure, na juu ya hapo tunamwita mvivu kwa kuwa kutwa yuko barazani. Huo ni unyonyaji, hata kama mnyonyaji ni shangazi.

Wako walioiona kazi hii mapema. Dar es Salaam na Unguja wasusi wengi wanaotafutwa ni vijana wa Kimasai, wanaume! Kwao morani hufuga nywele ndefu, husukana wenyewe kwa wenyewe na kuzipaka mafuta na udongo mwekundu. Walipofika mjini kutafuta riziki, ujuzi ule wa porini wakauwekea bei. Hatusemi wamemwibia mtu. Tunasema mama aliyetoa fedha zake kumlipa kijana wa watu ndiye huyo huyo anayesukwa bure na mpwa wake, na haoni kitu.

Wakubwa watakumbuka Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU, iliyotangazwa mwaka 1968 na kuanza Januari 1969. Mini zilipigwa marufuku, na mawigi, na suruali za kubana. Kichwa cha mwanamke kikawa jambo la siasa. Sawa, lakini mwenye kusuka alirudi nyumbani na ahsante yake vilevile.

Sasa wako wanaosema wapewe kibaraza, ila kwanza walete vyeti. Hapo hatukubaliani. Marekani, katika jimbo la Texas, mama mmoja aitwaye Isis Brantley alikamatwa mwaka 1997 kwa kosa la kusuka bila leseni. Baadaye alipotaka kufundisha wenzake aliambiwa shule yake iwe na viti vya kinyozi na masinki ya kuoshea nywele, vitu ambavyo msusi havihitaji. Alikwenda mahakamani, akashinda mwaka 2015, na mwaka huo huo sheria ya jimbo ikabadilishwa. Tusianze sisi pale wenzetu walipotoka. Cheti ni kizuri, na VETA wana utaratibu wa kumpima na kumtambua fundi aliyejifunzia kazini. Lakini kije baada ya kazi, kisiwe komeo mlangoni.

Usafi, hapo ndipo tuwe wakali. Vitana vioshwe kwa sabuni kila baada ya kichwa. Mtoto mwenye mapunye asisukwe, apelekwe zahanati. Na ile tabia ya kuvuta mpaka macho yanapanda juu ikome. Nywele za kwenye paji zikivutwa hivyo miaka nenda miaka rudi hung'oka zisiote tena. Msusi anayejua kazi hubana kwa kiasi, hata mteja akidai zaidi.

Bei itajwe kabla kitana hakijagusa nywele, iandikwe ukutani, na iwe moja kwa ndugu na kwa mgeni. Anayetaka kumsaidia wifi yake amsaidie kwa fedha yake, asikate kwenye mfuko wa kikundi.

Kuhusu mtaji, chama hakitabeba mzigo wote. Tangu sheria ya mwaka 2018 kila halmashauri yatakiwa itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa mwaka 2024. Kwa wanawake na vijana, anayepewa ni kikundi kilichosajiliwa, si mtu mmoja mmoja. Chama kikiwapa kibaraza na viti viwili vya kuanzia, watakuwa na pa kuonyesha watakapokwenda kuomba.

Anayepinga aje apinge mkutanoni, si kwenye kahawa. Barua ya ombi iko kwa katibu. Kila mwanachama ana haki ya kuisoma kabla ya siku ile.