Gesi ya AC haiishi, inavuja

Mfanyabiashara mwenzangu, ukitoka Rumonge na madumu ya mawese au magunia ya ndagala, ukaifuata barabara ya mwambao hadi Nyanza-Lac, kisha ukapanda Mabanda kuelekea mpaka wa Mugina, utajua kama AC ya gari lako ni nzima. Chini ziwani ni joto. Juu mlimani, mvua ikinyesha na vioo vimefungwa, kioo cha mbele kinajaa ukungu, na AC ndiyo inayoukausha. Kwa hiyo anayesema AC ni anasa ya mabosi hajawahi kushuka na mzigo kwenye kona zile huku anafuta kioo kwa kiganja.

Magari yetu mengi ni Toyota kuukuu zilizotumika Japani kwanza. AC ikilegea tunakimbilia kusema neno moja: "Nijazie gesi." Nami nilisema hivyo mara tatu katika miezi mitano, kwenye gereji ambayo sitaitaja. Kila mara baridi ilirudi, nikalipa nikifurahi, na kila mara ikaondoka.

Gesi ya AC si petroli. Haichomwi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, kutoka kompresa kwenda kondensa iliyo mbele ya rejeta, ikaingia nyuma ya dashibodi na kurudi. Ikipungua haraka hivyo, kuna pa kutokea. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia kitu kilekile mara ya pili. Na hasara haiishii hapo, kwa sababu mafuta ya kulainisha kompresa hutoka pamoja na gesi. Kompresa ikikauka inakwama, na bei yake inaweza kula faida ya safari kadhaa.

Fundi wa nne, kijana wa Rumonge, hakushika mtungi kwanza. Alifungua boneti akatafuta vumbi lililolowa mafuta. Akalikuta kwenye kiungo cha bomba karibu na kondensa, akapaka povu la sabuni, likatoa mapovu. Kosa lilikuwa kipete cha mpira kilichokakamaa, kidogo kuliko pete ya kidole. Alikibadilisha, akavuta hewa na unyevu kwa pampu karibu nusu saa, ndipo akajaza, akipima kwa mizani.

Kupima ni jambo kubwa. Wengi wetu tunadhani gesi nyingi ni baridi nyingi, kumbe ikizidi shinikizo linapanda na baridi inapungua. Magari mengi yana kibandiko chini ya boneti. Hata kikiwa cha Kijapani, tafuta herufi HFC134a na idadi ya gramu. Gari la kabla ya katikati ya miaka ya 1990 huenda lilitengenezwa kwa gesi ya zamani, R12, na hizo mbili hazichanganywi. Anayekushawishi kuweka gesi ya kupikia mkimbie, maana inawaka, na inazunguka mpaka nyuma ya dashibodi, mbele ya magoti yako.

Tena si kila udhaifu ni gesi. Gari likienda kuna baridi, likisimama kwenye foleni ya mpakani linageuka tanuri: angalia feni, na osha kondensa kwa maji ya taratibu, kwani vumbi na wadudu wa usiku huiziba. Hewa ni baridi lakini inatoka kwa kunyata? Chujio la hewa ya ndani, mara nyingi nyuma ya kisanduku cha dashibodi, limejaa. Petroli yenyewe tunaipata kwa shida, na kompresa inayosukuma dhidi ya kondensa iliyoziba inaipoteza bure.

Mwaka 2016 dunia ilikubaliana hapa jirani, Kigali, kupunguza gesi za jamii ya 134a, kwa kuwa kilo moja ikitoka hewani hupasha joto kuliko zaidi ya kilo elfu moja za hewa ya ukaa. Tuliokubaliana ni sisi, na tunaoivujisha barabarani ni sisi.

Ninachotaka ni karatasi moja. Gari linajazwa Bujumbura, linafunguliwa Kigoma, na fundi wa pili hajui wa kwanza alifanya nini. Kila gereji iandike kwa Kiswahili: aina ya gesi, gramu, tarehe, na mahali palipokuwa panavuja. Yangu niliiandika mwenyewe kwa kalamu, nikaibandika chini ya boneti. Fundi wa Kasulu aliisoma, akaangalia kile kiungo, akafunga boneti bila kunidai chochote.