Mawimbi ya ubongo wako ni ya nani? Chile ishajibu

Guido Girardi, seneta wa zamani wa Chile, alinunua kifaa cha kuvaa kichwani kiitwacho Insight, cha kampuni ya Emotiv ya Marekani. Kinasoma umeme mdogo wa ubongo, halafu programu inakwambia kama umetulia, umechangamka au una msongo.

Girardi hakulipia leseni ya ziada. Akalalamika kwamba rekodi za ubongo wake zinakaa kwenye seva za kampuni, na yeye mwenyewe hawezi kuzichukua. Agosti 2023 Mahakama ya Juu ikaamuru zifutwe, na ikataka mamlaka za afya na forodha zikikague kifaa chenyewe. Alikuwa na pa kushika: mwaka 2021 Chile iliongeza kwenye katiba ulinzi wa shughuli za ubongo.

Kwani kifaa kinaona unachowaza? Hapana. Na hapo ndipo penye tatizo.

Chukua saa inayopima mapigo ya moyo, au kifaa kinachopima jasho la ngozi. Dakika ya 90, Simba na Yanga, goli limeingia. Anayeshangilia na aliyeshika kichwa wote moyo unawaenda mbio, wote viganja vimelowa. Kifaa kinaona mwili umepandwa na joto, basi. Kama ni furaha au uchungu, programu inakisia.

Ukiwa nyumbani unajichezea, kukisia si neno. Bosi akiamulia mkataba wako kwa makisio hayo, hapo ni kesi nyingine.

Umoja wa Ulaya umeliona hilo. Tangu 2 Februari 2025 ni marufuku kutumia akili bandia kusoma hisia za mtu kupitia mwili wake kazini na shuleni, isipokuwa kwa tiba au usalama. (Hilo neno "usalama" naona ni mlango mpana kidogo.) Faini inafika euro milioni 35, au asilimia 7 ya mapato ya kampuni duniani kwa mwaka, kutegemea ipi ni kubwa.

Kwetu je? Sheria ya Kenya ya kulinda data, ya 2019, inapoeleza data za kibayometriki inataja alama za vidole, jicho na sauti. Mawimbi ya ubongo hayamo kwa jina. Wakili mzuri anaweza kuyaingiza, ila lazima kwanza apatikane wa kwenda mahakamani kama Girardi.